Chombo cha Pili, au kwa Nini Tarumbeta Zisiuzwe

Katika mkutano ujao wa Chama chetu litaletwa shauri moja ambalo kwa macho ni dogo, lakini twaona lastahili kufikiriwa na kila mwanachama kabla ya siku yenyewe kufika. Shauri ni hili: tarumbeta mbili na saksofoni moja, zilizomo kabatini muda mrefu bila mtu wa kuzipuliza, ziuzwe, na kwa fedha itakayopatikana kinunuliwe kinanda cha umeme, ambacho, kama tuambiwavyo, chaweza kutoa sauti ya tarumbeta, na ya saksofoni, na ya fidla, kwa kubonyeza kitufe tu. Sisi twalipinga shauri hili. Twalipinga kwa heshima, kwani waliolileta ni ndugu zetu na nia yao ni njema. Wameona bendi ya Chama inanyamaza, nao wataka isikike tena. Lakini dawa waliyoichagua siyo. Dawa twaiona nyingine, nayo haihitaji kuuza kitu: kila mpigaji tuliye naye, aliyekwisha kushika chombo kimoja vema, na ajifunze cha pili.

Kwanza na tukumbuke jinsi vyombo hivi vilivyokosa wenyewe. Shauri la kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma lilikatwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi wengi wetu tulilisikia kama habari ya mbali. Mwaka 2016 likawa la kweli. Wizara zikaanza kufunga virago, na mwaka 2018 sheria ikapitishwa ya kuutangaza mji wa Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Wenzetu wengi wakaenda, na miongoni mwao walikuwamo wapulizaji wetu wote watatu. Waliobaki Dar es Salaam ni wapiga gitaa wanne, mpiga ngoma mmoja, na waimbaji, ambao katika mji huu hawajapata kuadimika. Gitaa nne zikilia pamoja bila chombo cha kuzijibu, ni kama baraza la wazee wanne wote wakisema kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watu wakaanza kuondoka mapema kwenye sherehe zetu, na ndiyo maana leo kinatakwa kinanda.

Na hapo ndipo penye hoja yetu ya kwanza. Kinanda cha umeme kina sauti nyingi, lakini kina mpigaji mmoja. Barua ya uhamisho haingoji dansi kwisha. Siku itakapomfikia mpigaji huyo, sauti zote zitahama naye kwa basi moja. Tena umeme ukikatika, jambo ambalo si geni kwetu, kinanda hicho huwa meza. Tarumbeta haina haja ya waya. Yataka pumzi tu. Hatusemi kinanda ni kibaya. Twasema kwamba bendi ya watumishi wanaohamishwa kila mara haiwezi kujengwa juu ya nguzo moja, bali juu ya watu kadha wa kadha ambao kila mmoja aweza kukaa mahali pawili. Akiondoka mpiga besi, mpiga gitaa ashuke kwenye besi. Akiugua mpulizaji, wa pili yuko. Hivi ndivyo tufanyavyo katika ofisi zetu, ambako karani wa masjala hufundishwa kazi ya mwenzake wa uhasibu ili likizo ya mmoja isifunge dirisha. Kwa nini tusifanye hivyo katika muziki?

Wako watakaosema kwamba muziki wa namna hii si kazi ya watu wa kalamu. Hao twawakumbusha habari za mji wao. Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali cha Tanganyika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, ngoma ya beni ilikuwa imekwisha kuenea katika miji yetu. Beni ilianza pwani ya Kenya mwisho wa karne ya 19, kwa kuiga bendi za askari, pamoja na vyeo vyao na mavazi yao. Na vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vikaitawanya bara pamoja na askari na wapagazi. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wale, maana latokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Katika Dar es Salaam yalikuwapo makundi mawili makubwa ya beni, Marini na Arinoti. Na mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, ameonyesha kwamba makarani na watu wa elimu walikuwa khasa upande wa Marini. Na wale wa kusini na wa nchi ya Malawi, waliokosa shaba, walitengeneza vyombo vyao kwa vibuyu, wakaziita ngoma zao mganda na malipenga. Wao walikuwa na hamu bila vyombo. Sisi tuna vyombo kabatini, nasi twataka kuviuza.

Baada ya beni ikaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, yahesabiwa miongoni mwa bendi za kwanza za dansi katika mji huu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaanzisha NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Na mwaka 1978 ikaanza Mlimani Park, ambayo watu wa Kariakoo waijua zaidi kwa jina la Sikinde na kwa ukumbi wa DDC. Bendi hizi mbili zilipata sifa kwa mambo mengi, lakini mtu yeyote aliyezisikia atakubali kwamba sehemu kubwa ya utamu wake ni pale gitaa zinapotulia kidogo na tarumbeta na saksofoni zikaingia kwa pamoja. Tangu miaka ya 1990 bendi nyingi zimeacha kupuliza, vinanda vikachukua nafasi. Twasikia wazi kilichopotea.

Sasa twaja kwenye pingamizi kubwa, ambalo limesemwa mara nyingi: mshika mbili, moja humponyoka. Methali hii ni ya kweli, nasi hatubishani na wazee. Lakini yafaa kuisikiliza vema. Yamzungumza mtu anayeshika viwili kwa wakati mmoja, vyote vikiwa bado vyateleza mkononi. Haimzungumzi aliyekwisha kutua kimoja mahali pake ndipo akanyosha mkono kwa kingine. Mtoto hufundishwa kusoma kwanza, na akisha kusoma hufundishwa hesabu; hakuna mzazi aliyelalamika kwamba hesabu imemponyosha kusoma. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni hili: asiyeweza bado kulinganisha nyuzi za gitaa lake bila kusaidiwa, na kulishika pigo tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho, huyo asiguse tarumbeta. Na abaki na kimoja mpaka kimzoee.

Kwa mfano wa aliyefaulu hatuna haja ya kwenda Ulaya. Michael Enoch, ambaye watu walimwita King, alipiga gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz miaka ya 1960. Na katika Mlimani Park tulimsikia akipuliza saksofoni. Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, alijulikana duniani kwa ilimba na kwa zeze, wala hakuna aliyesema kimoja kilimharibia kingine. Najua, mtasema hao walikuwa mafundi walioishi kwa muziki, na sisi ni watu wa ridhaa, wapigaji wa jioni. Ni kweli. Lakini tofauti yetu nao ni ya kipimo cha muda, si ya namna ya kujifunza. Na mtu wa ridhaa ana neema moja ambayo fundi hana, kwamba hakuna anayemdai wimbo kesho.

Na tutazame kazi yenyewe, maana watu huiogopa wasiyoijua. Chombo cha pili hakimrudishi mtu mwanzo kabisa. Besi ya nyuzi nne ni zile nyuzi nne nzito za gitaa, kwa majina yale yale, illa zimeshushwa oktava moja. Mpiga gitaa atazipata sauti zake siku ya kwanza. Atakachojifunza ni adabu mpya: kusema machache, kukaa karibu na ngoma, na kuacha nafasi.

Tarumbeta ni mlima zaidi. Ina vitufe vitatu tu, navyo kwa kubonyezwa kwa namna mbalimbali hutoa urefu saba wa bomba. Sauti nyingine zote zategemea midomo na pumzi. Hapo vidole vya mpiga gitaa havitamfaa sana, lakini sikio lake litamfaa, kwani mpulizaji asiyeisikia sauti kichwani kabla ya kupuliza hutoa nyingine. Saksofoni, iliyobuniwa na Adolphe Sax wa Ubelgiji na kupewa hati mwaka 1846, ni rahisi zaidi kuanza: hulia kwa kipande cha mwanzi, nayo ni jamaa wa mbali wa zumari letu la pwani, tena vidole vya saksofoni moja ndivyo vya nyingine, ndogo kwa kubwa.

Waliosoma shule za misheni wana akiba nyingine ambayo huisahau. Tulifundishwa kuimba kwa do, re, mi, na tukafundishwa kwamba do haikai mahali pamoja, bali huhama kwa kila wimbo. Basi, tarumbeta ya kawaida ni mfano wa fundisho hilo. Mpulizaji akiisoma nota ya C, masikio ya watu husikia B flati. Asiyejua do ihamayo hushangaa. Anayejua husema, ndiyo yale yale ya kwaya.

Twafika sasa kwenye faida ambayo kwetu ndiyo kubwa kuliko zote. Kujifunza chombo cha mwenzako ni kujifunza shida ya mwenzako. Mpiga gitaa hupenda ufunguo wa E na wa A, kwa sababu nyuzi zake zilizo wazi hulia vizuri humo. Yeye aona raha. Lakini wimbo ukiwa katika E, mwenye tarumbeta hulazimika kusoma shapu sita, na mwenye saksofoni ndogo ya alto husoma shapu saba. Wapulizaji wetu wa zamani walipokuwa wakikunja nyuso na kuomba wimbo ubadilishwe ufunguo, palikuwa na maneno, waliitwa wavivu. Hawakuwa wavivu. Mpiga gitaa aliyejaribu tarumbeta kwa mwezi mmoja hatasema tena neno hilo. Atafunga kibano kwenye kituo cha kwanza cha gitaa lake, apige vidole vya A kama alivyozoea, na sauti itoke B flati. Tarumbeta isome C bila shapu hata moja, na alto isome shapu moja tu. Kitu kidogo kama hiki chaweza kumaliza ugomvi wa miaka, nacho hakionekani mpaka mtu akae kiti cha pili.

Iko faida nyingine, nayo yatuhusu sisi watumishi kuliko watu wengine. Mtu akikaa miaka kumi ofisini, akasalimiwa kwa cheo na kuletewa majalada kwa mikono miwili, husahau jinsi ilivyo kutojua. Chombo kipya hukumbusha. Walimu wazuri wa tarumbeta tulio nao karibu si wenye vyeti. Ni vijana wa matarumbeta, wale wapitao wakisindikiza maharusi juu ya magari, na wale wa bendi za sharika. Huenda kijana huyo hakumaliza shule, na huenda asubuhi alikuja dirishani kwetu kungoja muhuri. Jioni yeye ni mwalimu, nasi ni wanafunzi. Yatupasa tumwite mwalimu, tufike kwa wakati, na tumlipe ujira wake bila kumzungusha. Aliyewahi kusahihishwa hivyo jioni, twaamini asubuhi yake atamtazama mtu wa dirishani kwa jicho jingine.

Lakini ni chombo gani achague mtu? Ushauri wetu ni kwamba asiulize tu, "Napenda nini?" bali aulize pia, "Kumepungua nini?" Gitaa zapatikana madukani Kariakoo, na wapiga gitaa hawakosekani. Wanaokosekana ni wapulizaji. Na upande wa taarabu, wanaokosekana ni watu wa udi na kanuni. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim mpaka Misri akajifunze kanuni, safari ndefu kwa ajili ya chombo kimoja. Na Ikhwani Safaa, iliyoundwa Unguja mwaka 1905, ilikuwa klabu ya watu wa ridhaa, kama sisi. Mji wetu nao ulikuwa na klabu zake za taarabu, Egyptian na Al-Watan, kabla vinanda vya umeme havijashika taarabu ya kisasa. Anayetaka udi au kanuni leo, bahari si pana. Chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe, kilianzishwa kwa ajili ya kufundisha vyombo hivyo khasa.

Hatutaki mtu atumbukie bila kujua gharama, kwa hiyo twaongeza maonyo machache. Asikope fedha ya chombo; mkopo wa Chama ni wa ada za watoto na wa paa la nyumba. Aazime kwanza, anunue mwisho. Kazi zetu hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Basi nusu saa kabla ya magharibi yatosha, ikiwa ni ya kila siku, nayo ni bora kuliko saa nne za Jumamosi moja. Mpulizaji mpya apulize kidogo kidogo, na apumzike kwa muda ule ule aliopuliza, kwani midomo huchoka kabla mwenyewe hajajua. Na tuwakumbuke jirani. Nyumba za Kariakoo za vyumba sita na ua zimeondoka kwa wingi, ghorofa zimepanda mahali pake, na sauti ya tarumbeta ghorofa ya nne huingia nyumba ishirini. Atie kizibo, au aende uwanjani. Na isiwe wakati wa adhana wala wa ibada, wala usiku. Mwisho, asiache chombo cha kwanza kikae na vumbi: kila jioni aanze nacho kwa dakika chache, kama mtu anavyomsalimu mkubwa kabla ya mdogo.

Basi, badala ya shauri la kuuza, sisi twaleta shauri jingine. Kabati lifunguliwe. Vitufe vya tarumbeta, ambavyo hewa ya bahari huvikwamisha visipotumiwa, visafishwe na kutiwa mafuta yake, wala yasiwe mafuta ya kupikia. Vyombo vitatu vile viazimwe kwa wapigaji watatu, kwa daftari na kwa saini, kwa muda wa miezi sita. Kiasi kidogo cha fedha kitengwe kumlipa mwalimu mmoja kwa wiki. Miezi sita ikiisha, watatu hao wasimame mbele ya wanachama wapulize wimbo mmoja mwepesi katika B flati, na gitaa ziwafuate. Wakishindwa, au vyombo vikirudi kabatini na buibui wake, basi wenye shauri la kinanda watakuwa wamepewa jibu la haki, nasi hatutakuwa na neno. Lakini kuuza kwanza na kujaribu baadaye si njia. Kilichouzwa Kariakoo asubuhi, hata jioni hakipo tena.

Wanachama walioko Dodoma twawaomba nao watuandikie, khasa wale watatu waliopuliza vyombo hivi. Neno lao lina uzito kuliko letu. Na mwenye hoja ya kututengua na ailete kwa kalamu kabla ya mkutano, ili siku yenyewe tukate shauri tukiwa tumekwisha kufikiri.